Upande wa Mashoto

Mke wa Fundi Sponji alikuwa amezoea kupita sebuleni kwake kiubavu, kama kaa. Si kwamba sebule ilikuwa ndogo. Ilikuwa sebule ya kutosha kabisa, yenye dirisha pana na sakafu inayong'aa, ila ilikuwa imejaa viti, na viti hivyo vilitengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja tu, tena kwa sehemu moja tu ya mtu huyo: mgongo wa mumewe.

Sponji alikuwa fundi wa makochi. Jina hilo alibandikwa na wateja kwa sababu ya punje za sponji ambazo hazikuisha nywelini mwake, naye alilipokea bila kinyongo. Kwa miaka mingi watu walimletea makochi yaliyobonyea, yaliyolegea na yaliyokojolewa na watoto, akayarudisha yakiwa mapya. Basi mgongo wake ulipoanza kuuma, aliwaza kama fundi makochi yeyote angewaza. Kosa ni la kiti.

Akajitengenezea kiti cha kunyoosha mgongo. Ukauma. Akatengeneza kingine chenye sponji laini ya kuzama. Ukauma zaidi, na kutoka humo ikabidi avutwe kwa mikono. Akatengeneza cha kulala chali, chenye mpini wa kupandisha miguu, ambacho siku moja kilimkunja katikati akiwa ameshika kikombe cha chai ya moto. Cha mwisho, ambacho mkewe alikiita kiti cha enzi, kilikuwa na mgongo mrefu kumpita yeye mwenyewe na mikanda miwili iliyong'olewa kwenye gari bovu, ya kumshika asije akajipinda. Humo ndimo alimokula, alimosikilizia redio na, kwa muda mrefu sasa, alimolala. Kitanda alimwachia mkewe.

"Mganga hajigangi," mkewe alimwambia. "Wewe umejiganga mpaka nimekosa pa kupitisha ufagio."

Mke huyu alifundisha shule ya msingi, na Sponji alimwita Mwalimu hata chumbani, kwa mapenzi na kwa woga kidogo.

"Hiki cha sasa kitanisaidia, Mwalimu. Nimekijaza kidogo hapa kiunoni."

"Ndivyo ulivyosema kwa kile kilichokumwagia chai."

"Kile kilikuwa na hitilafu ya mpini."

"Mume wangu, hapa ndani amekosekana mwenyekiti na katibu tu. Viti vya wajumbe vimetimia."

Sponji alicheka, na kicheko kikamchoma kiunoni, akajishika. Mwalimu akaacha utani pale pale. Alimpenda mtu huyu, na kumwona anaogopa hata kucheka kulimkata maini.

Maumivu yenyewe yalikuwa na siku yake ya kuzaliwa, ingawa Sponji hakupenda kuitaja. Kochi la watu watatu halibebwi na mtu mmoja. Lina pande mbili, na kila upande unataka mtu wake. Upande wa pili ulikuwa wa Mashoto, mshirika wake pale karakana tangu wote wawili wakiwa hawajaota ndevu. Mashoto alishona kwa mkono wa kushoto, aliimba vibaya, na alikula karanga juu ya kitambaa cha mteja. Walipotaka kuinua kochi, hakuhesabu moja, mbili, tatu kama watu wengine. Aliinama, akaligonga mkononi taratibu kama mtu anayemwamsha aliyelala, akasema, "Haya bibi harusi, inuka. Wageni wamefika." Nalo likainuka, na wao wakatoka nalo mlangoni wakibishana nani atembee kinyumenyume.

Miaka mitatu iliyopita Mashoto alianguka sokoni, moyo umesimama, akafa kabla hajafikishwa hospitali. Msibani watu walihitaji mahali pa kukaa, na nani wa kuulizwa habari za kukaa kama si Sponji? Alibeba viti asubuhi mpaka jioni. Alipanga, alipangua, alivitafutia vivuli, akahakikisha kila aliyekuja kulia amepata pa kulilia, na alipomaliza watu walikuwa wameanza kuondoka. Yeye hakulia. Wengi walimsifu kwamba ni mwanamume kweli.

Wiki iliyofuata alifungua karakana. Kochi walilokuwa wakilishona lilikuwa katikati ya njia, hapo hapo walipoliacha. Akainama, akashika upande mmoja, akalivuta peke yake. Kitu kikachanika kiunoni, akaanguka juu ya masalia ya sponji, na hapo alikaa mpaka muuza rangi wa jirani alipoingia kuomba gundi.

Hospitali walimpiga picha. Msuli ulikuwa umechanika, wakasema, na utapona. Miezi ikapita wakampiga picha tena: msuli umepona, pingili zimelika kidogo kama za mtu yeyote aliyekula chumvi nyingi, sukari ya damu iko juu, ameze dawa hizi. Kuhusu mgongo, picha haionyeshi jambo kubwa. Sponji alilisikia neno hilo akalitafsiri kwa namna yake, kwamba anaambiwa mwongo. Alirudi nyumbani, dawa za sukari akazimeza siku anazokumbuka, akaanza kiti kingine.

Lile kochi alilifunika turubai, likabaki palepale katikati ya karakana, naye akalizunguka kila siku. Tangu hapo alikubali kazi ndogo ndogo tu. Matakia, vigoda, viti vya kuandikia. Mteja akileta kochi, alimwelekeza kwa fundi mwingine wa njia panda.

Jumapili moja alasiri mlango ukagongwa, na shemeji yake akaingia. Alikuwa mjane wa Mashoto, mpiga pasi katika duka la dobi, mama mwenye mikono ya kuheshimiwa. Alivitazama viti kimoja kimoja, akauchunguza mpini wa kile cha chai, akachagua kigoda cha jikoni.

"Shemeji, nimekuja kuulizia kochi langu," alisema.

"Kochi lipi, shemeji?"

"Lililo chini ya turubai. Usinitazame hivyo. Mwenzio alikuwa ananishonea mimi. Miaka yote mke wa fundi makochi nakalia viti vya plastiki. Nikimuuliza ananiambia mteja kwanza. Mwishowe akasema hili sasa ni lako, mke wangu, nimekuchagulia kitambaa cha kijani." Akanyoosha gauni magotini. "Sikutaka kukusumbua. Lakini binti yangu anakuja mwisho wa mwezi na mtoto. Mjukuu wa Mashoto. Nataka nimpakate nikiwa nimekalia kazi ya babu yake."

Sponji alikuwa amefungwa mikanda kwenye kiti cha enzi. Hakuwa na pa kukimbilia.

"Sikulazimishi," shemeji akaendelea. "Najua habari za mgongo. Ukiona huwezi niambie tu, nitampelekea yule wa njia panda alimalizie."

Yule wa njia panda! Sponji alimjua, fundi mzuri tu, na kwa sababu alikuwa mzuri ndiyo maana moyo ulimwenda mbio. Hakuna fundi makochi anayemalizia mshono wa mwenzake. Anafumua. Anang'oa kitambaa, anatupa uzi kwenye gunia, anaanza upya kwa mkono wake. Makochi yote mengine ya Mashoto yalikuwa yamekaliwa mpaka yamechoka, yakavalishwa vitambaa vipya na watu wengine. Mshono wake ulikuwa umebaki hapo tu, chini ya turubai.

"Nitalimaliza mimi," alisema. "Na nitakuletea mwenyewe mpaka mlangoni."

"Kwangu ni ghorofa ya pili, shemeji."

"Nakujua kwako."

Shemeji alipoondoka, Sponji alifungua mikanda asimame, akashindwa. Mgongo ulikuwa umekaza kama mbao. Mwalimu alimkuta amening'inia nusu kiti, nusu hewani, jasho likimtoka.

"Kesho nimeomba ruhusa shuleni," alisema, akimshika kwapani. "Tunakwenda kwa mtaalamu wa viungo. Na usinitajie sponji."

Mtaalamu alikuwa binti wa umri wa mtoto wao wa mwisho, mwenye raba nyeupe miguuni na sauti ya kutokuwa na haraka. Chumba chake kilikuwa na kitanda chembamba, mpira mkubwa wa kufanyia mazoezi na kiti kimoja ambacho Sponji alikikagua kabla ya kusalimia.

"Springi imekufa upande huu," alisema.

"Inawezekana, baba. Wewe je, upande gani umekufa?"

Mwalimu akaangalia pembeni asicheke.

Binti alimwinamisha, akamgeuza, akambonyeza hapa na pale, akasoma majibu ya picha na ya sukari. Kisha akavuta kigoda na kuuliza mambo ambayo Sponji hakuyaona yanahusiana na mgongo. Analala vipi? Anatembea? Anakutana na nani? Siku zinazouma zaidi zinakuwaje? Na wiki ile ulipoanza, kulikuwa na nini?

"Hakukuwa na kitu," Sponji alisema. "Niliinua kochi."

"Alikuwa ametoka kumzika rafiki yake," Mwalimu alisema. "Walifanya kazi pamoja tangu ujana. Hakutoa chozi. Alipanga viti."

Sponji aliutazama ule mpira mkubwa kama vile umemtukana.

"Sasa nimeelewa," alisema. "Na wewe unataka kuniambia ni mawazo. Kwamba naumwa kichwani tu."

"Nimesema hivyo?"

"Mnasema hivyo wote. Picha haionyeshi jambo kubwa."

"Picha haipigi maumivu, baba. Inapiga mifupa." Binti alisogeza kigoda karibu. "Unaumwa kweli. Kila siku unayoniambia umeumwa, uliumwa. Naomba tuanzie hapo."

Sponji alikuwa amejiandaa kugombana, na hakuna aliyegombana naye. Miaka mitatu alitaka mtu yeyote mwenye koti jeupe aseme maneno hayo, na sasa yamesemwa, akaona aibu kwa jinsi alivyofurahi.

"Una mlinzi pale karakana?" binti aliuliza.

"Yupo. Mzee mmoja."

"Mlinzi akishaibiwa mara moja, anakuwaje?"

"Anapiga filimbi hata paka akipita."

"Basi mgongo wako uliibiwa kweli. Ulichanika. Ukapona, lakini mlinzi hajui, bado anapiga filimbi. Na mlinzi huyo halali, kwa sababu analala kwenye kiti. Sukari yake iko juu, mishipa inamwasha. Ana msiba ambao hajauzika. Tena ukimfunga mikanda asijipinde, ndiyo anaamini kabisa kwamba mwizi bado yupo ndani. Mtu hana mlango wa chuma kati ya moyo na kiuno, baba. Cha juu kinashuka, cha chini kinapanda."

"Kwa hiyo nifanyeje?"

Akamweleza. Atembee kila asubuhi, hata kama ni mpaka kona na kurudi. Ainame kidogo kidogo, kila siku kidogo zaidi ya jana, mlinzi aone kwamba hakuna mwizi. Dawa za sukari azimeze kila siku, si siku anazokumbuka tu. Alale kitandani. Na chumba cha pili mkono wa kulia alikuwapo mshauri, mama mmoja msikivu, ambaye kazi yake ni kusikiliza watu wenye misiba ya namna hiyo.

"Yataisha?" Sponji aliuliza.

"Sikudanganyi. Yanaweza yakabaki. Ila yatapunguza nafasi yanayochukua nyumbani kwako."

"Tuanze na ile iliyochukuliwa na viti," Mwalimu alisema, na safari hii hakuangalia pembeni.

Kesho yake Sponji aliondoa turubai.

Kochi lilikuwa la kijani, kijani cha majani ya mgomba, chaguo la mtu asiyeogopa macho ya watu. Sehemu yote ya kukalia ilikuwa tayari. Upande wa kushoto wa mgongo ulikuwa umeshonwa, na mshono wa Mashoto ulilalia upande wake ule ule, kinyume na mishono ya watu wote. Ulikwenda hadi katikati ukasimama. Na hapo uliposimama, sindano ya kupinda ilikuwa bado imechomekwa, uzi wake ukining'inia, imeota kutu kidogo. Mwenyewe alisema anakwenda sokoni mara moja.

Sponji aliitazama sindano ile kwa muda mrefu. Akanyoosha mkono, akaurudisha. Mgongo ukapiga filimbi, filimbi kubwa kabisa, na akajua hajainama wala hajanyanyua hata tambara. Hilo lilimshangaza kuliko lilivyomuumiza. Alifunga karakana akarudi nyumbani.

"Umeona?" alimwambia Mwalimu. "Sijagusa kitu. Nimeangalia sindano tu."

"Nimeona," Mwalimu alisema. "Na wewe umeona?"

Akaenda kwa yule mama mshauri. Alikwenda akiwa amekunja uso, akarudi macho mekundu, akasema ni vumbi la njiani. Mwalimu hakubisha ingawa mvua ilikuwa imenyesha. Safari ya pili alirudi akicheka peke yake, kwa sababu katika kumweleza yule mama habari za Mashoto alimkumbuka siku alipojishona suruali yake mwenyewe kwenye kochi la mteja, akabebwa nalo mpaka kwenye gari. Mshauri alicheka hadi akavua miwani. Sponji alicheka hadi kicheko kikageuka, akalia kama mtoto, kwa sauti, na hakuna aliyemsifu wala kumlaumu.

Usidhani kwamba mambo yalinyooka kuanzia hapo. Asubuhi alitembea na Mwalimu mpaka kona, baadaye mpaka shuleni kwa Mwalimu, akisalimiana na watu waliodhani amehama. Alijifunza kuokota kitu sakafuni bila kuandika wosia. Lakini siku moja aliamka akiwa na maumivu mapya kabisa, akapanda kiti cha enzi, akafunga mikanda, akatangaza kwamba yule binti wa raba nyeupe amemdanganya na mwili ni wake yeye. Mwalimu alimpelekea chai, akamwacha. Alasiri akamkuta bado yumo, ila mikanda ameifungua.

"Leo umeuma sana," alisema Sponji.

"Na kesho je?"

"Kesho sijui. Nataka nikashone kidogo kabla giza halijaingia."

Alikwenda. Akakaa sakafuni mbele ya kochi la kijani, akaishika sindano ya Mashoto, akaisugua kutu kwa kitambaa, akaivuta. Uzi ulipita laini. Hakufumua hata mshono mmoja. Pale mkono wa kushoto ulipoishia, wa kulia ukaanza, na mishono ikabadili mlalo katikati ya kochi ambapo kila mtu ataona. Fundi mwingine angeliita kosa. Sponji alishona akizungumza na mwenzake kwa sauti ya chini, akimpa habari zilizompita: muuza rangi ameoa, ushuru wa soko umepanda, una mjukuu, bwana, na anakuja. Alipochoka alisimama, akazunguka karakana, akarudi. Jioni ile mgongo uliuma kama kawaida, na akalala kitandani usingizi mzito. Mwalimu aliyezoea kitanda kizima aliamka akiwa amebanwa ukutani, na akafurahi.

Mwisho wa mwezi kochi lilikuwa limekamilika. Mwenye mkokoteni alilifikisha chini ya jengo la shemeji asubuhi, akasaidia kulishusha, akaomba radhi kwamba ana mzigo mwingine unaomngoja, akaondoka zake. Mpango wa Sponji ulikuwa mzuri isipokuwa sehemu hiyo. Akabaki amesimama na kochi la kijani barabarani, Mwalimu kando yake akiwa na matakia kichwani, na ngazi za ghorofa mbili zikiwatazama.

"Tutafute vijana," Mwalimu alisema. "Kidole kimoja hakivunji chawa."

Kabla Sponji hajajibu, shemeji aliteremka mbio. Alilitazama kochi. Akapitisha kiganja kwenye mshono wa kushoto, taratibu, kuanzia mkononi, na alipofika katikati, mlalo ulipobadilika, kiganja chake kikasimama.

"Hapa ndipo alipofika," alisema.

"Ndipo hapo."

"Hukufumua."

"Nianzie wapi kufumua, shemeji?"

Shemeji alikunja mikono ya gauni lake juu ya viwiko, vile viwiko vya pasi, akaenda kusimama upande wa pili.

"Shemeji, tungoje vijana," Sponji alisema.

"Mimi nanyanyua pasi ya makaa kutwa nzima. Unaogopa ngazi au unaniogopa mimi?"

Sponji aliogopa vyote viwili, na zaidi ya hivyo aliogopa kiuno chake. Alisikia mlinzi anaitafuta filimbi mfukoni. Alikunja magoti kama alivyofundishwa na yule binti, akashusha pumzi, akashika mbao ya chini. Kisha mdomo ukamtangulia. Hakupanga kusema. Mkono wake wenyewe uliligonga kochi taratibu, na maneno yakatoka.

"Haya bibi harusi, inuka. Wageni wamefika."

Shemeji aliachia kochi, akasimama wima.

"Umesema nini?"

"Samahani. Ndivyo alivyokuwa akisema tunapoinua."

"Karakana?"

"Kila kochi. Miaka yote."

Shemeji alimtazama. "Ndivyo alivyokuwa akiniamsha," alisema. "Kila asubuhi ya Mungu. Ananigonga begani. Haya bibi harusi, inuka, wageni wamefika. Siku ya kwanza niliruka kitandani nikavaa, nikakuta hakuna mgeni." Akajifuta macho kwa kiwiko. "Nilidhani ni yangu peke yangu. Kumbe mjinga yule alikuwa ananiamsha kama kochi."

"Au anainua makochi kama mke wake," Mwalimu alisema kutoka chini ya matakia.

Hapo wote watatu walicheka, kicheko cha kuegemea ukuta. Kisha wakashika, wakanyanyua, na kochi likainuka.

Ghorofa ya kwanza walifika salama, Mwalimu akielekeza kwa sauti ya darasani: kushoto, kushoto, nimesema kushoto, inua kichwa. Kwenye mgeuko wa ngazi pumzi ziliwaishia. Walilitua pale pale, likaziba njia yote, na kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kukaa, wakalikalia. Sponji upande wake, shemeji upande wa Mashoto, Mwalimu katikati juu ya mshono. Jirani mmoja alipanda na ndoo ya maji, akawakuta wamejipanga kama wanaongoja kupigwa picha, macho yamewalowa.

"Mnaliuza?" aliuliza.

"Haliuzwi," Sponji alijibu.

Jirani aliweka ndoo chini akangoja kwa adabu. Shemeji alimgeukia Sponji.

"Mgongo unauma?"

Zamani angesema hapana kisha akalala siku tatu, au angesema ndiyo kisha akaomba mikanda. Alijisikiliza kwanza. Kiuno kilikuwa kinawaka palepale pa siku zote. Ila alikuwa amekalia kochi lililomalizika, kati ya watu wake, katikati ya ngazi, na maumivu yalikuwa yamekaa kando kidogo kama mgeni asiye na haraka.

"Unauma," alisema. "Shika upande wako."

"Wangu?"

"Wa Mashoto."

Alisimama, magoti kwanza, kiuno baadaye. Shemeji alishika. Mwalimu alirudisha matakia kichwani. Huko juu, nyuma ya mlango uliokuwa wazi, mtoto mchanga akaamka na kuanza kulia, na safari hii aliyeligonga kochi begani alikuwa shemeji.

"Haya bibi harusi, inuka," alisema. "Wageni wamefika."